Paa Tuliloliteremsha

Mwaka ule unga ulipanda bei hadi watu wa Dagoretti Corner wakarudia nduma, yale magimbi ya kuchemsha, kama wazee wa zamani. Asubuhi nduma na chai ya rangi, jioni githeri, mahindi yamejaa sufuria na maharagwe yametawanyika kama waumini wa ibada ya katikati ya wiki. Ugali ulikuwa chakula cha mgeni. Siku moja nilimpikia mzee wangu ugali, yeye ambaye hakuwahi kuukataa tangu anioe, akasukuma sahani. Alisema kifua kimejaa, chakula hakina pa kupita.

Mzee alikuwa fundi wa paa. Zamani kazi ilikuwa asbesto, zile bamba ngumu za kijivu za kuezekea. Alizichukua River Road, akazikata kwa msumeno, na jioni alirudi mweupe kama ametoka kinu cha kusaga. Koti lake nililikung'uta ukutani kabla ya kulifua, kwa sababu vumbi lile likiingia kwenye maji yanakuwa uji, na maji tulinunua kwa mtungi.

Nyumba yetu aliiezeka kwa zile zilizobaki kazini. Paa hilo nililijivunia. Mvua ikinyesha tulisikizana ndani, wakati majirani wa mabati walikuwa wanapigiana kelele kama viziwi. Kila Desemba, kabla wageni wa Krismasi hawajafika, tulilisugua kwa brashi ya waya, tukaondoa ile kuvu ya kijani inayoota juu, kisha tukapaka rangi nyekundu. Tulisugua likiwa kavu ili rangi ishike. Watoto walifagia kilichoanguka. Mtu wa kwetu asiyesugua paa Desemba alionekana mvivu.

Zahanati ya karibu walisema nimonia. Halafu wakasema TB, wakapima, haikuwa TB. Mwishowe tukampeleka hospitali Parklands, wakamtoa maji kifuani na kumpiga picha. Daktari alikuwa mama wa makamo, asiye na haraka. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza.

"Mzee alifanya kazi gani?"

"Kuezeka."

"Alikata asbesto?"

"Alikata, na vumbi yake akala."

Akavuta kiti. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini mtu akinieleza vizuri nashika. Alisema mwili una askari wake. Uchafu ukiingia, askari anaumeza, mambo yanaisha. Lakini uzi wa asbesto ni kama sindano, mrefu kuliko askari mwenyewe. Anajaribu kuumeza, unamshinda, anapasuka papo hapo na kumwaga sumu yake. Wanakuja wengine, nao vilevile. Miaka inapita, mahali pale pamekuwa kidonda kisichopona, na kidonda kama hicho kinaweza kugeuka saratani. Cha mzee kilikuwa kimegeuka.

"Kwa hivyo ni askari wake wamemmaliza?"

"Askari hawana makosa, mama. Waliletewa adui asiyelika."

Alisema si kila aliyevuta vumbi hilo huugua, ila aliyevuta jingi na kwa muda mrefu yuko hatarini zaidi, na ugonjwa huweza kukaa kimya miaka mingi sana. Kisha akauliza nani alikuwa anafua nguo za mzee. Nikainua mkono kama mwanafunzi. Wakanipiga picha mimi pia. Hawakuona kitu, lakini waliniambia nirudi kila mwaka. Narudi.

Mzee alifariki mvua ndefu zikianza. Baada ya mazishi wanangu walileta watu wa kuteremsha paa, wale wenye kibali. Walifunika pua zao, wakalilowesha kwa maji kwanza, wakatoa moja moja bila kuvunja, wakafunga kwa plastiki nzito. Mzigo ukalala uani ukingoja lori la kwenda kuuzika.

Lori halijafika, akafika shemeji yangu, mdogo wa mzee, na pikapu na kamba. Alikuwa anajenga vyumba vya kupangisha Kawangware.

"Shemeji, nasikia unatupa mali."

"Si mali."

"Paa zima limefungwa kama maiti ya tajiri, na vyumba vyangu havina kichwa."

"Wapangaji wako watakuwa na watoto?"

"Kawangware umewahi kuona mpangaji bila watoto?"

"Basi sipeani hata kipande."

Akacheka. "Wewe umelala chini yake miaka yote na mdomo bado uko."

"Ndugu yako pia alilala chini yake."

Kwetu vitu vya kazi vya marehemu humwendea ndugu yake, na hilo sikulikataa. Nikamwambia achukue msumeno, uoshwe kwanza, achukue ngazi, achukue nyundo zote. Akapakia. Akarudi.

"Nipe za banda la kuku tu. Kuku hawapelekwi Parklands."

"Na banda litafagiwa na nani?"

"Mama watoto."

"Sipeani hata kipande."

"Watu watasema fundi alioa mchoyo."

"Waseme. Wakimaliza waje niwapikie nduma."

Nikavuta kiti nikakaa kati yake na ule mzigo. Mimi ni mzito, na alijua hawezi kunihamisha. Akafunga ngazi kwa kamba, akaingia garini, akatoka tena. Safari hii hakuwa na mzaha. Alisema paa hili waliliezeka wawili, yeye akiwa kijana, akimshikia ndugu yake ngazi, na sasa hana kitu kingine ambacho mikono yao yote miwili iligusa.

"Moja tu, shemeji. Ya kumkumbuka. Nitaiegemeza ukutani, sitaikata."

Nilimwangalia. Kifua chake kilikuwa kinapumua vizuri.

"Sipeani hata kipande."