Keki Mbichi ya Sabato

Leo nimemzimia mama mkwe jiko, na sijutii hata kidogo.

Ngojeni kwanza kabla ya kunihukumu.

Miaka ya sabini, Krismasi moja iliangukia Jumamosi. Mimi ni Mkatoliki wa Sironga niliyeolewa kwa Wasabato hapa Kebirigo, na wakati huo nilikuwa bado bibi arusi. Ijumaa jioni nilikuwa naoka keki kwa sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko.

Jua likazama. Mama mkwe akayamwagia makaa maji.

“Sabato imeingia. Hapa hatupiki.”

Keki ilikuwa uji ndani!

Kesho yake akawakatia wageni wote, chini ya maua ya karatasi niliyotundika kwa mikono yangu. Ikawatiririka vidoleni.

“Ndivyo wanavyooka kwao Sironga,” akasema. Walicheka mpaka machozi. Nikaitwa Uji mpaka nikapata wajukuu.

Sasa mama mkwe ni ajuza. Kesho anatembelewa na wenzake wa kanisa, akaniomba keki. Nikachelewa kuwasha ovena, makusudi. Jua lilipozama, nikazima.

“Iache kidogo tu, mwanangu,” akanisihi.

“Sabato imeingia, Mama.”

Kesho naikata mwenyewe, mbele ya wageni wake. Nani anakuja kula?