Mama Ndoo Aweka Ndoo Chini

Kazi yake ya mshahara ni kufua mashuka ya hospitali. Kazi yake isiyo na mshahara ilikuwa sisi.

Chumba cha kufulia kiko nyuma ya jengo la wagonjwa, karibu na tangi la maji. Mashine ni mbili, moja inazunguka, nyingine imekuwa meza ya kuwekea vikombe. Mashuka yenye damu huloweshwa kwanza kwenye beseni la saruji na kusuguliwa kwa mkono, ndiyo maana ngozi ya vidole vyake imeparara na kuchunika kama ganda la kitunguu. Anafanya kazi hiyo amesimama. Goti la kulia lilianza kulalamika zamani, naye amelizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji msumbufu, analisikia ila habishani nalo.

Akitoka kazini mchana angeweza kwenda kulala. Badala yake alikuwa anachukua ndoo.

Jina la Mama Ndoo tulimpa sisi wanachama wa klabu ya kujitolea, kwa mapenzi kabisa, nasi tulijiona wacheshi. Alikuwa mwenyekiti wetu, na kila jioni ya kiangazi ungemkuta kwenye barabara inayotoka hospitali kwenda uwanja wa shule, ndoo moja kichwani na dumu mkononi, akimwagilia miti tuliyoipanda. Tukipita tunampigia honi. Wengine walishusha vioo na kumsifu: "Mama, Mungu akubariki!" Kisha wakapandisha vioo, maana kulikuwa na vumbi.

Hapa lazima nieleze jambo moja la klabu yetu, na nikilieleza damu inachemka. Mwaka wetu wa uongozi unakwisha mvua zikiwa zimeshakatika. Waasisi waliandika hivyo kwenye katiba, na hakuna anayekumbuka kwa nini. Siku ya makabidhiano, kiongozi anayeondoka hushika mche, anayeingia hufukia udongo, mgeni rasmi humimina maji ya chupa, picha inapigwa. Baada yao tunapanda sote, halafu tunakwenda kula. Kwa hiyo miti yetu haikufuata mvua, ilifuata skafu ya uenyekiti. Na msidhani tulikuwa hatujui. Wamo walimu kati yetu, wamo wenye mashamba, wamo watu waliozaliwa na jembe mkononi. Wote tulijua kwamba mche ukipandwa kwenye ardhi ngumu namna ile utakufa. Ila tulijua pia kwamba yupo wa kumwagilia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Uenyekiti wenyewe alipewa kwa muda tu, wa mpito, hadi apatikane mtu. Kila mwaka kamati ilimwomba amalizie mmoja. Kila mwaka alikubali, kwa sababu kila mwaka kulikuwa na miche iliyokwisha kupandwa, na yeye si mtu wa kuacha kitu kife mbele yake. Ukikaa hospitalini unapata ugonjwa huo.

Halafu kiangazi kilichopita alikaa chini.

Hakuanguka, wala hakuzimia. Alimaliza kumwagilia mti ulio mkabala na kibanda cha mshona viatu, akaipindua ndoo, akaikalia. Akatafuta sababu ya kuinuka, akaikosa. Jua likapungua. Mshona viatu akafunga kibanda, akamuaga, akaenda zake. Hatimaye mumewe, ndiye aliyenisimulia haya, akaja kumtafuta. Mumewe ni dereva wa lori mstaafu, mtu mrefu asiyependa haraka, huvaa kofia hata ndani ya nyumba.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Basi inuka twende."

"Nitainuka. Ngoja kidogo."

Mzee akangoja. Akaitazama ile safu ya miti, mingine hai, mingine vijiti.

"Mimi gari likifika hali hiyo nilikuwa nalipaki," akasema.

"Unalipaki wapi na mzigo ni wa watu?"

"Pembeni ya barabara."

"Na wenye mzigo?"

"Walikuja wenyewe. Walitukana sana, lakini walikuja."

Mwanamke akacheka mpaka akashika goti. Waliondoka pamoja, mzee amebeba ndoo, na barabara nzima ikashangaa.

Wiki iliyofuata aliiambia kamati kwamba safari hii anaachia. Bahati nzuri mrithi alikuwapo: mwenye duka la dawa, tunayemwita Daktari ingawa si daktari. Ni mtu mwema, msafi, mwenye sauti ya redioni, na cheo alikuwa akikitamani bila kukificha. Mama Ndoo hakuwa na neno naye. Aliomba kitu kimoja tu: mwaka huu makabidhiano yafanyike, lakini upandaji ungoje mvua.

Tulikuwa tumekaa kwenye ofisi ya walimu, kwenye viti vya mbao vinavyolia ukisogea. Katibu wetu, kijana wa benki, akaweka kalamu chini.

"Mama yangu, mgeni rasmi ameshaalikwa. Makabidhiano bila kupanda mti ni harusi bila bibi harusi."

"Bibi harusi mwenyewe kila mwaka mnamwacha mlangoni," akasema. "Anayempa maji ni mimi."

Tukacheka. Daktari akainua mkono kuonyesha kwamba analo jibu.

"Mama, hilo nimelifikiria. Nitaunda kamati ndogo ya umwagiliaji."

"Vizuri sana. Mkuu wake nani?"

Viti vililia. Kila mtu akatafuta pa kutazama, na mwisho macho yote, na yangu yakiwamo, yakaangukia mahali pamoja.

"Kwa kweli," akasema Daktari kwa upole, "ukizingatia uzoefu..."

Sijapata kumwona mtu akitabasamu kwa uchovu kama ule. Pale ndipo alipoelewa, nadhani, kwamba tungempunguzia kiti na kumwachia ndoo. Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Nasi tulikuwa tumeuita mzigo huo kujitolea! Watu arobaini wanavaa fulana zenye nembo, mmoja anabeba maji. Huko si kujitolea. Huko ni kumtoa mtu kafara.

Hakubishana. Alichukua mkoba wake, akasema amesikia.

Siku ya makabidhiano turubai lilikuwa jeupe, spika zilikuwa kubwa kuliko haja, na mashimo yalikwisha kuchimbwa kwa sururu kando ya barabara, maana jembe lilikuwa linaruka. Miche ilipangwa kivulini ndani ya viriba vyake vya nailoni nyeusi. Mgeni rasmi alikuwa bwana mmoja mwenye kampuni ya mabasi, mwenye kitambi cha furaha. Mama Ndoo alikuja na mumewe. Alivaa gauni la kijani la kutokea, kilemba cha kulingana nalo, na mkononi alishika ndoo.

"Jamani, hata leo!" mtu akapiga kelele. "Mama Ndoo, leo tuachie sisi!"

Tukamshangilia. Akaiweka kando ya kiti chake. Ilikuwa tupu.

Hotuba zikaenda. Skafu ikavuliwa shingoni mwake, ikavishwa Daktari, naye akaiweka sawa zaidi ya mara moja. Tukasimama tukapiga makofi, mengine nadhani yalitoka moyoni. Mshereheshaji akaita: sasa ni wakati wa mti, mwenyekiti mstaafu ashike mche. Mama Ndoo akashika maikrofoni.

"Nawapenda," akasema. "Na nimechoka. Yote mawili ni kweli, msichague moja." Spika ikapiga mluzi. "Mche huu mkiupanda leo, keshokutwa utataka maji. Nauliza tu, sina ugomvi. Nani ataupa?"

Kutoka nyuma, mtu akaitikia kwa mapenzi yote: "Si wewe, mama!"

Turubai zima likacheka. Baadhi wakapiga makofi. Alingoja kicheko kiishe, kama mtu anayengoja lori lipite ndipo avuke.

"Mimi sipo," akasema.

Hakupandisha sauti. Akainama, akaichukua ndoo, akamwendea Daktari, akampa. "Mwenyekiti, skafu umeshavaa. Hii ndiyo mwenzake."

Daktari akaipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe kituo cha basi. Mpiga picha akashusha kamera. Katibu alimsogelea mama, akamnong'oneza lakini maikrofoni ikadaka.

"Mama, unatuaibisha mbele ya mgeni."

"Mwanangu," akasema, "aibu hii tumeipanda wote. Mimi nilikuwa naimwagilia tu."

Nilisikia turubai likipigwa na upepo. Daktari aliitazama ndoo, akatazama mashimo makavu, akatazama viatu vyake, na nitamheshimu siku zote kwa alichosema, kwa sababu hakukisema kwa sauti ya redioni.

"Sasa tufanyeje?"

"Kila mtu achukue mche wake, aende nao kwake. Auweke anapouona. Mvua ikinyesha aje nao."

"Na mimi pia?" akauliza mgeni rasmi.

"Na wewe, bwana. Ila usiutie kwenye buti la gari, utaiva."

Mgeni akacheka hadi kitambi kikatikisika, na hapo ndipo watu wengine walipopata ruhusa ya kupumua. Tukaondoka hivyo: suti, magauni, visigino, kila mmoja amekumbatia kiriba kinachovuja udongo. Si wote. Wapo waliojifanya wamesahau. Sherehe ilipokwisha, chini ya turubai ilibaki miche kadhaa isiyo na mwenyewe, mmoja umeangukia upande.

Mama Ndoo alipita karibu nayo. Nilikuwa nakunja viti, nikamwona mkono wake ukijinyoosha kuelekea ule ulioanguka. Mumewe akamshika kiwiko.

"Paki," akasema.

Alisimama muda mrefu. Nilimwona akipambana, na niseme wazi kwamba sijaona kazi nzito kuliko ile. Kubeba maji alikuwa amezoea. Kisha akaurudisha mkono, akaenda nyumbani. Mche uliolala ulikuwa bado haujainuliwa na mtu.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Turubai liliondolewa, ile miche ikabaki pale ilipokuwa, naye akawa anapita kando yake kila siku akienda kufua na akirudi. Kwanza majani yalikunjika, halafu yakawa ya kahawia, halafu hayakuwapo. Watu walisema. Wapo waliosema amejaa kiburi tangu avuliwe skafu. Mwingine alisema mbele yake, dirishani kwa mshona viatu, kwamba mtu mwenye roho nzuri hawezi kupita kitu kinakufa. Alilipia kiatu, akaondoka. Mshona viatu ananiambia usiku ule mama yule hakumtoka akilini, na kesho yake alianza kumimina maji yake ya kunawia kwenye mti ulio mbele ya kibanda. Mti mmoja tu. Ile mingine, anasema, ina wenyewe.

Mazoea nayo hayafi siku moja. Wanachama walikuwa wakibisha kwake kuulizia ufunguo wa stoo, spika zilikowekwa, mahali sururu zinapoazimwa. Hata Daktari alikuja, jioni, skafu hajavaa.

"Mama, wa kwangu unanyauka."

"Pole."

"Sasa nifanyeje?"

"Kwani si wewe ndiye daktari?"

Mzee alicheka ndani kwa ndani hadi kofia ikamwangukia machoni. Daktari naye akacheka, kidogo kidogo, kisha akakiri kwamba ndoo ameigeuza ya kutunzia miavuli ya wateja. Akaenda kuitoa miavuli.

Mvua ilikuja Jumamosi, siku ya mapumziko ya Mama Ndoo. Ilianza alfajiri kwa kugonga bati moja moja, kisha ikamwagika. Mzee alikwisha kuamka, amekaa mlangoni na chai yake. Yeye alikuwa kitandani, goti juu ya mto, dirisha limeachwa wazi kidogo.

"Mvua hiyo," akasema mzee.

"Naisikia."

Baada ya kitambo zikasikika hatua barabarani, na sauti. Mtu alikuwa akimlaumu mwenzake kwa kuleta kijiti. Mwingine alisema wa kwake ameuuguza na watoto wa jirani kama mgonjwa. Basi likapiga honi. Koleo ikakwaruza jiwe.

"Wamekuja wangapi?" akauliza kutoka ndani.

"Nihesabu?"

Akafikiri. Bati lilikuwa linanguruma.

"Acha."

Akajigeuza upande wa ukuta. Ndipo mtu alipobisha, nami nilikuwa nyuma yake, nimelowa, nimekumbatia kiriba changu. Alikuwa katibu. Alitaka kujua tuanzie upande upi wa barabara.

"Shikamoo mzee. Tunamwomba mwenyekiti mara moja tu."

Mzee akapiga funda la chai, akameza taratibu.

"Marahaba. Mwenyekiti hakai hapa," akasema. "Mwulizieni duka la dawa."