Siku Bunduki ya Baba Avataq Ilipoingia Ndani

Baba mkwe wangu, Avataq, anaweza kushinda kutwa nzima bila kusema na mtu, lakini na mbwa wake huongea mpaka sauti imkauke. Huwapa habari za hali ya hewa, huwauliza kama wamelala vizuri, huwatukana kwa upole. Kwa hiyo nilipomwona amechuchumaa kando ya mbwa wake wa mbele, kimya, mkono umelala tu juu ya mgongo wa yule mnyama, nilijua mambo yameharibika.

Alikuwa amekosa sili mwingine.

Jua lilikuwa limeshaacha kuzama hata usiku, na sili, wale wanyama wa baharini tunaowala, walikuwa wanapanda juu ya barafu kuota jua kando ya matundu yao ya kupumulia. Mwindaji hutambaa kwa tumbo nyuma ya pazia jeupe analolisukuma mbele yake, taratibu sana, halafu hupiga risasi moja tu. Ikipita pembeni hata upana wa kidole, sili anateleza tunduni na habari yake imekwisha. Baba alikuwa hakosi. Hapa Qeqertat, kijiji chetu cha huku kaskazini kabisa, watu walizoea kubandika sufuria wakimwona anafunga mbwa kwenye mkokoteni wa barafu. Mwaka ule alikuwa anarudi na mkokoteni mtupu, na majirani wakaanza kumsalimia kwa sauti ya chini, kama anayeuguliwa.

"Ni macho," alimwambia mke wake, mama Tukummeq, akivua viatu vya ngozi. "Yamezeeka. Nimemwambia Gedion aje Jumamosi achukue mbwa."

Gedion ni mpwa wake, anakaa ng'ambo ya ghuba.

"Mbwa wote?"

"Mzee asiyeweza kulenga atawalisha nini? Biskuti?"

Mama alimimina kahawa mpaka ikafurika kwenye sahani, na yeye si mtu wa kumwaga kahawa.

Mimi nilikuwa nakaa nao kwa sababu mume wangu alikuwa kusini, kwenye meli ya uvuvi, na mwanangu alikuwa bado ananyonya. Mwanangu anaitwa Imina, jina la marehemu baba yake Avataq. Sisi tukimpa mtoto jina la marehemu, basi marehemu amerudi nyumbani. Baba mkwe humwita mwanangu "baba", hata akimbadilisha nepi. Mama Tukummeq humwita "mkwe", tena humlalamikia: "Mkwe wangu, ulinioza mume mbishi, na sasa unanikojolea. Mimi nilikukosea nini?"

Kesho yake nilitoka kwenye kibaraza kuchukua nyama. Kibaraza chetu kimefungwa kwa mbao lakini hakina moto, na bunduki hutundikwa huko mwaka mzima. Bunduki haiingii ndani. Ikikutana na joto inatoka jasho, na jasho hilo likirudi nje linaganda ndani ya chuma, halafu siku unayoihitaji inakataa kulia. Nikaona ina theluji, nikaifuta kwa nepi ya Imina niliyokuwa nayo begani. Nilipofika kwenye skrubu ndogo zinazoishika darubini ya kulengea, nepi ikatoka na doa la buluu linaloteleza.

Nikagusa kwa ukucha. Gundi. Tena mbichi.

Nilikumbuka Baba akiitia hiyo gundi wakati wa giza, miezi ile jua lisipochomoza kabisa, palepale kibarazani, pumzi inamtoka kama moshi. Mkokoteni unaporuka juu ya matuta ya barafu siku nzima, kila mruko unalegeza skrubu kidogo, na gundi ndiyo ya kuzizuia zisizunguke. Nikaishika darubini, nikaisukuma. Ilicheza, kidogo sana, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, na darubini ikicheza risasi haiendi unakolenga.

Si rahisi mkwe wa kike kumwambia mzee wa watu habari za bunduki yake.

"Baba," nikasema mlangoni, "ile gundi ya wakati wa giza bado mbichi."

"Haiwezekani."

"Njoo uishike."

Akaja, akaisukuma darubini kwa kidole gumba. Akaisukuma tena.

"Inacheza," akasema polepole.

"Na wewe unasingizia macho!" Mama alipiga kelele kutoka jikoni. "Macho hayohayo yanayoona kila kipande cha mafuta ninachoficha!"

Akaja na chupa ya gundi, akasoma maandishi kwa sauti, neno kwa neno. Gundi ile hukauka kwenye joto la nyumba, na kwenye baridi kali haishiki. Tena skrubu zisiwe na mafuta hata tone, na Baba alikuwa amezipaka mafuta kwanza, kwa mapenzi tu.

"Basi nitazikaza kwa nguvu," akasema.

"Uzikate vichwa kama ulivyozikata zile za injini ya boti? Iingie ndani, mzee."

"Bunduki haiingii ndani."

"Nani kasema?"

"Baba yangu alikataza, unajua."

Mama akamchukua Imina mikononi mwangu, akamsimamisha mbele ya mumewe. "Huyu hapa. Mwombe ruhusa mwenyewe."

Nikadhani atakasirika. Lakini Baba alivua kofia, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Baba," akasema, bila mzaha hata kidogo, "nataka kuingiza bunduki. Nitaifunga kwenye mfuko wa plastiki hukuhuku nje, jasho libaki juu ya mfuko. Siifungui mpaka ipate joto. Unasemaje?"

Imina akamtazama. Akanyoosha mkono, akamkamata pua, kisha akamcheulia maziwa kwenye sweta.

"Amekubali," Mama akasema.

"Huko ndiko kukubali?"

"Lini ulimsikia yule mzee akikubali jambo kwa maneno?"

Baba akacheka mpaka akakaa chini.

Bunduki ililala kwenye benchi letu kama mgeni, ndani ya mfuko wake uliolowa. Ilipopata joto, Baba aliondoa risasi zote, akafungua kila skrubu, akaziosha kwa spiriti pamoja na matundu yake. Akaweka tone moja moja la gundi, akakaza kwa zamu, hii kidogo, ya upande wa pili kidogo, kwa bisibisi fupi na vidole viwili. Mimi nikaleta rangi yangu nyekundu ya kucha. Nilichora mstari mwembamba kutoka kichwa cha kila skrubu mpaka kwenye chuma kilicho chini yake.

"Urembo?" Baba akauliza.

"Skrubu ikizunguka, mstari utakatika. Utaona kabla hujakosa."

Aliutazama mstari ule, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu."

Gundi ilipokwisha kukauka, alitoka akapiga kopo kwenye barafu na kurekebisha darubini mpaka risasi zikafuatana mahali pamoja. Jumamosi asubuhi akafunga mbwa, akaondoka. Alisema anawatembeza kwa mara ya mwisho.

Gedion alifika na kamba mpya. Akanywa kahawa. Akanywa nyingine. Mama alisuka nywele zake, akafumua, akasuka tena. Mimi nilisimama dirishani na Imina, nikajiambia nisitazame mbali sana, lakini nikatazama.

Mkokoteni ulitokea nyuma ya kisiwa polepole, mbwa wameinamisha vichwa, wanavuta kwelikweli. Na upepo ukatuletea sauti ya Baba, anawatukana mmoja baada ya mwingine kwa majina yao.

Sili walikuwa wawili. Alipasua wa kwanza palepale, akamkatia Gedion ini likiwa bado linatoa moshi.

Gedion alikula, akafuta kidevu. "Sasa mjomba, na mbwa?"

"Mbwa gani?" Baba akasema, na kuendelea kukata.