Kitambaa kilichokataa kuoza

Saa moja asubuhi katika kata ya Lingeka, wilayani Meatu, Marcelo Maige anapiga magoti kwenye tuta la viazi na kufukua kwa mikono. Hatafuti kiazi. Anatafuta kipande cha shati lake la pamba alichokifukia hapa miezi miwili iliyopita, na anaomba akikose.

Anakipata. Anakikung'uta, anakivuta kwa nguvu. Hakichaniki.

"Basi," anasema, kisha anakaa chini.

Marcelo (52) ni mpulizaji wa dawa za pamba. Msimu ukifika hubeba bomba mgongoni na kukodiwa shamba hadi shamba. Jioni bomba halikosi dawa kidogo chini. Mwenye shamba haidai, na kuimwaga njiani Marcelo aliona ni hasara. Kwa miaka kumi na minne akaimwaga kwenye robo ekari hii, aliyoachiwa na mama yake.

"Niliona napata dawa ya bure. Wadudu hawakugusa viazi vyangu. Majirani walinionea wivu," anasema.

Mchuma janga hula na wa kwao, na nyumba hii ina walaji saba. Kiangazi chote hutegemea michembe, viazi vyao wenyewe vilivyokaushwa. Zamani shamba lilitoa magunia sita. Mavuno yaliyopita hayakujaza hata moja, na samadi iliyofukiwa mwaka jana jembe linaiibua ikiwa mabonge yaleyale.

Bwana shamba wao, Januarius, ndiye aliyemshauri afukie vitambaa viwili, kimoja hapa na kingine kando ya zizi, ambako bomba halijawahi kufika.

"Udongo una wenyeji wake, wadogo wasioonekana kwa macho," anaeleza. "Ndio wanaoozesha majani na samadi ili mmea upate chakula. Hata nguo ya pamba wanaila. Dawa ikimwagwa palepale kila mara, nao wanaweza kufa."

Kando ya zizi, Minza, mke wa Marcelo, anafukua kitambaa cha pili. Anachoinua ni kifungo na uzi wa upindo tu.

"Baba Salu, huku kimeliwa chote. Huko je?"

Marcelo anamwonyesha. Minza anakishika.

"Mayu, mama yangu! Sasa watoto watakula nini?"



Anachopanga Marcelo ni kuliacha shamba lipumzike, kuongeza samadi, na kutomwaga tena hata tone. Itachukua miaka mingapi, Januarius hakumwahidi.

"Kila msimu nitafukia kitambaa," anasema Marcelo. "Siku nikikuta kimeoza nachinja mbuzi, na wewe mwandishi nitakuita. Ila sijui kama nitakuwa hai."

Kwa sasa hana viazi, ana bomba tu, na pamba ya jirani imeingiwa na viwavi. Marcelo anakisuuza kile kitambaa, anakikamua, anajifunga nacho puani na mdomoni, kisha anaenda kupuliza.