Mayai ya Kobe

Harufu ya gunia lililoloa hunirudisha nyuma ya nyumba yetu, kwenye shamba la mzungu karibu na Rongai. Baba aliendesha trekta huko. Siku moja plau ilimpasua kobe aliyekuwa akitaga, na baba akarudi na mayai ndani ya kofia, hataki hata chakula.

Aliyafukia kwenye karai la udongo, akalifunika kwa gunia. Kila jioni alinyunyiza maji kidogo. "Udongo uwe na unyevu tu," alituambia. "Ukiwa matope, yataoza."

Mama alinung'unika kwamba maji anayoyabeba kutoka mtoni yanaishia kwa kobe. Lakini baba akishaenda kazini, nilikuwa nikimwona mama ameinama na kikombe, naye akiyanyunyizia mayai kwa huruma. Siku moja aliponiona, aliweka kidole mdomoni.

Mayai yalioza. Baba aliyazika mwenyewe. "Nilimuua mama yao, na sasa nimewaua na hawa," alisema. "Nisamehe, mama watoto. Nimemaliza maji yako bure."

Mama alinitazama. "Si kitu," akamjibu baba, kisha akachukua debe akaenda mtoni, ilhali pipa la maji nyumbani lilikuwa limejaa.