Kaburi la Bi Mwamini

Watu wa mtaa wa Yoba, mjini Gitega, walimsalimia Ilyasi vizuri, lakini kwa mbali. Akipita na sururu begani, akina mama waliacha kupepeta mchele wakamfuata kwa macho mpaka wajue anakata kona kwa nani. Akienda kumjulia hali mgonjwa, mgonjwa alijikaza akakaa kitako akaomba uji, ili mgeni ajionee mwenyewe kwamba bado, bado kabisa. Ilyasi aliyajua yote hayo na zamani yalikuwa yakimchekesha. Miaka ile ya vita hata kucheka kulimchosha.

Alikuwa mchimba makaburi wa Waislamu wa Gitega, kazi aliyoachiwa na baba yake, mzee Uthmani, pamoja na sururu yenyewe. Udongo wa kilima chao alikuwa anaujua kwa mkono. Juu ni mwekundu na mzito, ukiukata unasimama wima bila kumwagika. Ukishuka mpaka shimo likufike kifuani, unakuta mchanga wa jiwe lililooza, una chembechembe za kung'aa, laini kuchonga. Hapo ndipo alipochonga mwanandani, lile shimo la ubavuni upande wa kibla ambamo maiti hulazwa kisha hufungwa kwa mbao, udongo usimwangukie. Kwenye mteremko ule kibla kilikuwa upande wa bonde, basi ukuta aliouchonga haukubeba mzigo mkubwa. Hilo Ilyasi hakuwahi kulifikiria. Mtu hafikirii kitu ambacho hakijamsumbua.

Vita vilipoingia, mwanandani ukawa ugomvi wake na dunia nzima. Watu walifika na maiti zao huku risasi zikilia ng'ambo ya bonde, wakamwambia chimba shimo tu, tufukie, tuondoke. Hawakuwa wabaya, walikuwa na watoto nyumbani. Lakini Ilyasi alikuwa kichwa ngumu. "Huyu naye iko na mama yake," alijibu, akarudi chini kuchonga. Wengine walimtukana humohumo kaburini, tena kwa majina ambayo makaburini hayasemwi. Alichimba mpaka mikono ikakataa kupanda juu ya masikio, akala wali kwa vidole visivyofumba vizuri. Kila kitu kilikuwa kinapungua Gitega, chumvi, sukari, majirani. Yeye alijivunia jambo moja tu, kwamba hakuna maiti aliyoinyima mwanandani.

Kisha ikatoka amri kwamba mikaratusi yote ya juu ya makaburi ikatwe, kwa sababu wenye silaha walikuwa wanajificha humo. Mtaa mzima ulipanda na mashoka. Kuni za bure nani azikatae? Ilyasi naye alijifungia mzigo wake, tusimtakase. Mvua kubwa ziliponyesha mwaka ule, maji hayakukuta mzizi wala jani la kuyachelewesha. Yaliteremka moja kwa moja, yakachimba mfereji, mfereji ukawa korongo, na korongo likala safu nzima ya makaburi ya wazee. La mzee Uthmani lilikuwa la kwanza.

Mama yake Ilyasi, Bi Mwamini, alisimama ukingoni mwa korongo lile na mtandio mdomoni, akiangalia chini kwenye matope ambayo mumewe alikuwa amekwenda nayo. Hakulia. Alirudi nyumbani, akafunga nguo zake, akasema anakwenda Muyinga kwa binti yake Zuena. Siku ya kuondoka alimshika Ilyasi mkono.

"Baba yako ametembea," alimwambia. "Mi sitaki kutembea nikishakufa. Siku yangu ikifika, unitafutie fasi yenye haitembee. We ndiye fundi, mwanangu. Sina mwingine."

"Ndiyo, mama. Nitakutafutia."

Aliahidi hivyo kwa sababu mama hajibiwi vingine. Usiku aliwaza atampata wapi mlima usiotembea, katika nchi ambayo kila kitu kilikuwa kinateremka.

Habari za ugonjwa wa mama zilimfikia kupitia Akilimali, Mkongomani wa Kivu aliyekuwa akipeleka chumvi Muyinga kwa lori. Ilyasi alipanda juu ya magunia, sururu magotini, katika msafara wa magari yaliyosindikizwa na askari. Njia nzima aliangalia vilima. Vingi vilikuwa na upara, vyekundu, vimechanika kwa makorongo. Alipofika kwa Zuena mama yake alikuwa bado anapumua, akamtambua, akatabasamu kidogo. Kesho yake alfajiri akakata roho.

Zuena alilia mpaka sauti ikakauka. Ilyasi hakulia. Alichukua sururu akaenda kutafuta mahali, maana maiti inangoja maji na sanda, kisha inamngoja yeye.

Kwenye kutafuta mahali hakukosea hata kidogo. Alipanda mteremko wa makaburi taratibu, akaiangalia miti, kwa kuwa Muyinga shoka lilikuwa halijafika kila mahali. Penye miti iliyopinda kiunoni alipita, kwani mti hupinda hivyo pale ambapo udongo unashuka kidogokidogo na mti unahangaika kusimama. Alipita penye nyufa, akapita penye nyasi zilizokatika mistari. Karibu na mgongo wa mlima akakuta miti mizee imenyooka. Akasema hapa.

Zuberi, mchimbaji wa hapo, alimkuta anapima. Alikuwa mtu wa Butihinda, kule mpakani, aliyelelewa ng'ambo kwa Watanzania, na maneno yake yalikuwa ya taratibu.

"Pole sana, mzee Ilyasi. Mahali umepapata kweli. Hapa pamesimama tangu zamani."

"Asante. Bon, tuanze. Iko saa?"

"Saa ipo, lakini askari wanafunga barabara kabla ya magharibi."

Chini ya miguu Muyinga ni nchi nyingine. Udongo wa juu haukufika gotini. Baada ya hapo sururu ililia juu ya mawe ya mabamba, yaliyopangana moja juu ya jingine na kuinama yote upande mmoja kama vigae vya paa, na katikati yake mishipa ya jiwe jeupe ambalo watu wa Butihinda hulivunja wakitafuta dhahabu. Walichimba kwa zamu, Ilyasi, Zuberi na Houssein, mume wa Zuena. Shimo lilipofika kifuani, Ilyasi aliomba sururu ndogo akageukia kibla.

Zuberi akainua mkono. "Ukuta huo usiuguse, mzee. Kwenu kibla kiko bondeni, nimesikia. Hapa kiko mlimani. Mlima wote umeulalia ukuta huo, na mabamba yanainamia huku kwetu. Sisi hapa hatuchongi ubavuni. Tunachimba mfereji katikati ya kaburi, chini, tunamlaza humo, tunamfunika kwa mabamba yenyewe. Sheria inaruhusu."

"Najua inaruhusu."

"Basi?"

"Basi mama yangu atapata mwanandani." Sauti ya Ilyasi ilipanda bila yeye kutaka. "Mi nimewachongea watu chini ya risasi, Zuberi. Watu sikuwajua hata majina. Leo mama yangu ndiye akose? Mais jamani, nitamwambia nini?"

Kuna hasira ambazo mtu mwenye adabu hazijibu, na hii ilikuwa mojawapo. Zuberi alitoka shimoni, akamvuta Houssein naye atoke, wakabaki ukingoni wakiangalia.

Ilyasi akaanza kuchonga. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, kama miaka yote, na labda hilo ndilo lililomponza. Mtu aliyechoka hachimbi udongo ulio mbele yake, anachimba ule aliouzoea. Bamba la kwanza likatoka zuri, nene, sawa kama meza. La pili likatoka. La tatu alipolitikisa, mlima ukavuta pumzi na ukuta wote ukamshukia.

Walimtoa kwa mikono. Mawe yalikuwa yamemfunika mpaka kiunoni, na kwa rehema za Mungu hakuna mfupa uliovunjika, ngozi tu ilichunika na kiatu kimoja kikabaki humo. Walimkalisha kwenye nyasi. Alitaka kusimama, miguu ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa tena, mbele ya watu wote waliofika kuzika, na wengi walikuwa wamefika.

"Nipe sururu," alisema.

Zuberi aliiweka sururu mbali naye. Akachuchumaa mbele yake.

"Leo wewe si fundi," alimwambia. "Leo wewe ni mtoto wa marehemu. Kaa na wafiwa. Sisi tupo kwa ajili gani?"

Miaka yote hiyo Ilyasi alikuwa amesimama pembeni na mikono michafu, akiwaangalia wenye maiti wakishuka kumpokea mtu wao, na hakuwahi kujiona miongoni mwao. Hata baba yake alimzika akiwa mchimbaji. Alikuwa amebaki chini akisawazisha mbao wakati wengine wanampokea.

Vijana wa Muyinga wakaingia shimoni. Walisafisha mawe, wakauacha ukuta wa kibla upumzike ulivyotaka, wakachimba mfereji katikati kwa kufuata kuinama kwa mabamba badala ya kushindana nayo. Ilyasi aliangalia kila pigo. Alitafuta kosa kwa juhudi zote, mpaka akajisikia aibu kidogo. Mfereji ulikaa ndani ya jiwe zima. Hata mlima uvuliwe miti yote na mvua zije za namna gani, maji yangepita juu.

Bi Mwamini aliletwa, mwepesi, kwenye jeneza la msikiti. Maji yaliletwa pia, Ilyasi akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, tope jekundu la Muyinga likatoka, na chini yake labda la Gitega. Wakamshusha kwanza Ilyasi, kwa kumshika makwapa, kisha Houssein. Wakampokea marehemu. Ilyasi alimlaza mama yake ubavu wa kulia, akalegeza mafundo ya sanda, akaliweka shavu la mama juu ya udongo. Akaugusa mwamba kwa kiganja, huku na huku. Haukumwaga hata punje.

Houssein alipanda. Zuberi alikuwa ukingoni na bamba la kwanza, lilelile nene, akanyoosha mkono wake mwingine.

"Toka, mzee, tumfunike."

Ilyasi hakutoka. Alikuwa ameketi juu ya ukingo wa mfereji, magoti kifuani, kando ya mama yake, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu bila sauti.

"Mi nimechoka, Zuberi," alisema. "Nimechoka sana."

Hilo neno hakuwa amemwambia mtu yeyote, wala mkewe, wala mama mwenyewe.

Zuberi aliliweka bamba chini. Jua lilikuwa limeinama na barabara ilikuwa karibu kufungwa, na kila aliyekuwa pale alikuwa na nyumba ya kuwahi. Zuberi akakaa kwenye udongo uliochimbwa. Houssein akakaa. Kisha na wengine, mmoja baada ya mwingine, wakakaa kulizunguka kaburi, wakamngojea.