Tangawizi ya Idi Ndani ya Kegi

Harufu ya tangawizi mbichi inayopondwa kwenye kinu humwasha mtu puani kabla hajafika mlangoni. Kwetu Magogoni harufu hiyo ilikuja mara moja kwa mwaka, alasiri ya siku ya ishirini na sita ya Ramadhani, saa ambayo tumbo limeshikana na mgongo na macho yote yako kwenye jua. Nyanya alipika tangawizi ya Idi kwa sufuria ambalo siku nyingine lilikuwa la biriani ya harusi. Aliichemsha na sukari na mdalasini, akaiacha ipoe, akakamulia ndimu, kisha akatia hamira kwa ncha ya kijiko huku akinitupia jicho kali kana kwamba nilitaka kumwibia. Jua lilipozama, yote ilikuwa kwenye pipa la plastiki la buluu, mdomo wake umefunikwa leso kuukuu. Siku ya pili nilibandika sikio ubavuni mwa pipa, nikasikia sauti ndogo ndani, kama samaki anayekaangwa nyumba ya tatu.

Nyanya alikuwa na sheria moja. Maalim wa madrasa yetu alimwambia zamani kwamba kinywaji cha namna ile kisikae zaidi ya siku tatu, kisije kikageuka kileo, na yeye akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Siku yetu huisha jua likizama. Kwa hivyo kabla ya magharibi ya siku ya ishirini na tisa tangawizi ilipaswa iwe imetoka pipani, imefungwa chomboni na kuwekwa kwenye barafu isiendelee kuchachuka, la sivyo angeimwaga yote mtaroni. Miaka yote aliichota kwa kata akaitia kwenye chupa, na katika kuchota mashapo yaliinuka, kinywaji kikawa na rangi ya maji ya mvua barabarani. Hakuna mgeni aliyelalamika, lakini mwenyewe aliona haya. Mwaka ninaousema, Mjomba Swaleh, ndugu yake mama, fundi wa kuchomelea vyuma huko njia ya Mwakirunge, akaja na kegi. Ndiyo, kegi, pipa la chuma la bia, lililotupwa na baa fulani, naye akalichomelea chini mfereji wa kufungulia. Nyanya aliposikia limetoka wapi alishika kiuno.

“Swaleh! Pipa la ulevi waniletea mimi, tena mwezi huu?”

“Mama, hiki ni chuma tu, wallahi. Chaoshwa.”

Kesi ilipelekwa kwa Maalim. Alikuja, akaligonga kegi kwa bakora, akasikiliza, akasema, “Chuma hakilewi, Bi Rukiya. Lioshwe vyema, litumike.” Tukaliosha kwa sabuni, majivu, ndimu na maji ya moto. Tuliliosha mara sita, kisha mara ya saba kwa sababu Nyanya hakuiamini ile ya sita.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, na mwaka huo nilikuwa na jambo langu lililonishughulisha kuliko tangawizi. Kwetu, mtoto akifunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza, Nyanya humpikia mkate wa mayai wake peke yake, mwekundu juu, unaonukia iliki, asiolazimika kummegea mtu. Kakangu Athumani aliupata wake mwaka uliotangulia. Aliula mbele yangu siku mbili, na nilipomwomba akaniambia nilambe karatasi. Basi nilifunga. Nilifunga siku ya kufua, nilifunga siku ya homa, nilifunga hata alasiri ambayo jirani alikaanga viazi karai chini ya dirisha letu. Kufikia siku ya ishirini na tisa nilikuwa na saumu ishirini na nane kamili, na kila mtu alisema mwezi utaandama jioni ile.

Alasiri hiyo tulikusanyika uani. Pipa lilikuwa juu ya meza, kegi chini, ndani ya beseni la barafu lililofunikwa magunia. Mdomo wa kegi ulikuwa mwembamba, kata haipiti, na Mjomba alishasema kuwa dawa ya mashapo ni mpira: ncha moja izame pipani bila kugusa tope, ya pili iingie kwenye kegi, kinywaji kiteremke chenyewe pasipo kutikiswa. Kilichobaki ni mtu avute kwa mdomo kuanzisha. Hapo tukatazamana. Mjomba amefunga, mama amefunga, na ya Nyanya hayaulizwi. Mjomba akasema atavuta kisha ateme.

“Wewe?” Nyanya akamwambia. “Ukivuta petroli ya gari za watu waimeza kila wiki, ndiyo hii utaitema?”

Mama akashauri aitwe mtu wa nje. “Utapiga hodi kwa nani umuulize kama hakufunga?” Nyanya akajibu, na kweli, hilo ni tusi la kuhamisha mtu mtaa. Jirani yetu Mama Mwende, Mkristo, yuko kazini mpaka usiku. Jua lilishafika kwenye bati la jikoni. Nyanya alikuwa ameweka kiganja juu ya ile leso, na nilijua angemwaga kweli. Mjomba alinitazama mara moja akageuza uso haraka. Hakuna aliyeniomba, na ningependa hilo lijulikane.

“Nitavuta mimi,” nikasema.

“Na saumu yako?” mama akauliza.

Nikautia mpira midomoni, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Tangawizi ilinijia kwa kishindo, tamu, kali, yenye mapovu, ikanichoma ulimi, ikanitoka hata puani, na chozi lililonidondoka sikujua ni la ukali wake au la mkate wangu. Mjomba akanipokonya mpira akauchomeka kwenye kegi. Ikaanza kuteremka! Mpira ulikuwa wa kuonyesha ndani, na rangi iliyopita mle ilikuwa ya asali. Nyanya alishikilia ncha ya juu kwa vidole viwili, hapumui, akiishusha kidogo kidogo kadiri pipa lilivyopungua, na mlio ndani ya chuma ukawa mzito, kisha mwembamba, kisha Mjomba akapiga kelele, “Basi!” Pipani yalibaki mashapo matupu. Nyanya alipiga kigelegele akasahau kwamba koo lake ni kavu.

Wakati huo Athumani akarudi kutoka madrasa. Akatazama pipa, akatazama mpira, akaniona ninavyojifuta mdomo. “Mbona hamkuujaza mpira maji kwanza?” akauliza. “Ukiujaza maji, kinywaji chashuka chenyewe. Mimi ndivyo nihamishavyo maji ya mbuzi.” Mjomba, fundi anayejulikana hadi Bamburi, akaanza kuchunguza kucha zake za miguu. Mama akajiziba uso kwa mtandio. Nyanya alicheka mpaka akaketi chini, nami nikaangua kilio mpaka adhana.

Mwezi uliandama. Asubuhi ya Idi wageni walikunywa tangawizi iliyotakata hata unaona vidole upande wa pili wa gilasi, na Maalim aliligonga kegi tena kwa bakora, akanywa gilasi tatu. Mimi Nyanya aliniita chumbani, akafunua kawa. Ulikuwa mkate wa mayai mzima, ila umekatwa kipande kimoja chembamba. “Hicho cha jana nimekila mimi,” akasema. “Uliobaki ni wako.” Nilimkumbatia mpaka akalalamikia mbavu zake.

Siku hizi mimi ndiye ninayepika, ua ule ule, ingawa nusu yake ni vyumba vya kupangisha. Nina mpira wenye pampu. Binti yangu huibonyeza mara mbili huku akitazama simu, na kazi inaisha kabla sijaketi. Tangawizi yangu ni safi kuliko ya Nyanya, na angekuwa hai angekubali huku amenuna. Lakini hakuna anayezuia pumzi pale uani, na hilo linaniuma kidogo kila mwaka. Idi iliyopita binti yangu aliniuliza nilifunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka mingapi. Nikamwambia tisa. Athumani alikuwa ameketi hapo hapo, yeye ambaye kwa miaka na miaka, kila tukigombana, alinipigia kelele “ishirini na nane!” Aliinua macho akanitazama, akanywa funda moja.

“Tisa,” akamwambia binti yangu. “Nilikuwapo.”